Vipimo vya Kisasa na Ulinzi wa Mpaka

Kutoka Busia hadi Malaba, mpaka wa Kenya na Uganda hupitisha kila siku sehemu kubwa ya mali inayoteremshwa katika bandari ya Mombasa. Malori mengi yaendayo Kampala, Kigali, Juba na mashariki ya Kongo hupita hapo. Kando ya barabara hizo, katika vijiji vya Masinya na vinginevyo vya wilaya za Busia na Tororo, jamaa wa ukoo mmoja wanaishi pande zote mbili, na kuvuka kwao ni jambo la kila siku, kwa miguu au kwa bodaboda, chombo ambacho jina lake lilizaliwa papo hapo mpakani.

Penye mapito kama hayo, maradhi nayo hupita. Hayana pasi wala hayangoji lango lifunguliwe. Ndiyo sababu kazi ya askari wa mpakani, ambayo zamani ilikuwa kukagua watu, mizigo na silaha, sasa imeongezewa jambo la tatu, nalo ni kulinda afya. Jambo hilo limekuja pamoja na mashine mpya, nyaraka mpya na biashara mpya, na inafaa askari azielewe.

Somo kubwa lilipatikana mwaka 2020. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi, na Uganda tarehe 21 mwezi huo huo. Mipaka ilifungwa kwa abiria, lakini malori ya mizigo yaliachwa yapite, kwa maana nchi isiyo na bandari haiwezi kuishi bila mafuta, dawa na chakula kutoka pwani. Upande wa Uganda, sampuli za madereva zilipelekwa hadi Entebbe, kwenye taasisi ya utafiti wa virusi. Mwanzoni dereva alichukuliwa sampuli kisha akaruhusiwa kuendelea na safari, na majibu yalipotoka naye alikuwa amekwisha fika mbali. Ikabidi namba za malori zitangazwe na polisi wawasake watu ambao hawakutenda kosa lolote ila kuugua.

Baadaye iliamuliwa kwamba dereva asivuke mpaka majibu yapatikane. Kosa la kwanza likasahihishwa, lakini likazaliwa la pili. Foleni za malori zilienea makumi ya kilomita kutoka Malaba na Busia. Madereva walilala ndani ya malori siku nyingi, hawana maji wala vyoo, wakichangia chakula na kukaa pamoja. Basi hatua iliyokusudiwa kuzuia maambukizo iliwakusanya watu mahali pamoja, na kukusanyika ndiko kunakoeneza maambukizo.

Kiini cha taabu hiyo kilikuwa umbali kati ya mgonjwa na mashine. Kwa hiyo dawa yake ilikuwa kuisogeza mashine. Kituo cha utafiti cha KEMRI huko Alupe, katika kaunti ya Busia, kilipima sampuli za madereva karibu na mpaka wenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo, kwa fedha za serikali ya Ujerumani, iligawa mwaka huo maabara 9 zinazosafirishwa kwa magari. Kenya, Uganda na Tanzania zilipata mbili kila moja, na Rwanda, Burundi na Sudan Kusini moja moja. Maabara hizo zina uwezo wa kutambua korona na hata Ebola.

Hata hivyo, mashine peke yake haikumaliza foleni. Dereva aliyepimwa Kenya alipofika upande wa Uganda aliambiwa apimwe tena, kwa sababu cheti cha nchi moja hakikuaminiwa na nchi ya pili. Ikabidi pawe na mapatano. Jumuiya ikaanzisha mtambo wa simu wa kufuatilia madereva na mizigo, ambao uliziwezesha serikali kupashana majibu ya vipimo moja kwa moja. Ofisa wa mpakani akaweza kuyaona majibu yalivyotoka katika maabara, badala ya kutegemea karatasi iliyokunjwa mfukoni, ambayo yeyote mwenye kompyuta na mhuri wa bandia angeweza kuitengeneza. Hapo ndipo mashine ilipoanza kuleta faida yake kamili.

Upande wa biashara ulidhihirika Januari 2022. Uganda iliamuru kwamba kila aingiaye kwa njia ya nchi kavu apimwe mpakani, na apimwe kwa malipo. Madereva walikataa, wakisema kwamba wana vyeti halali na kwamba wengi wao wamekwisha chanjwa. Wakasimamisha malori. Kwa siku chache tu mafuta ya petroli yaliadimika nchini Uganda, na mahali pengine bei ikapanda maradufu. Hatimaye sharti hilo lililegezwa. Tukio hilo laonyesha kwamba bei ya kipimo kimoja si jambo la daktari na mgonjwa peke yao. Inaweza kusimamisha usafiri wa nchi nzima, na kuwapa askari kazi ya kutuliza ghasia ambayo isingekuwapo.

Korona imepungua, lakini mashine zilizotumika wakati ule bado zina kazi. Miongoni mwao kuna moja inayoitwa GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha Desemba 2010 kwa ajili ya kifua kikuu. Zamani mhudumu wa maabara alipaka makohozi juu ya kioo akatafuta vijidudu kwa hadubini, na mara nyingi, vilipokuwa vichache, hakuviona. Njia ya kuviotesha vijidudu maabarani ilikuwa na uhakika zaidi, lakini ilichukua wiki kadhaa. Mashine hii hupokea makohozi yaliyochanganywa na dawa ndani ya kasha dogo la plastiki, kisha hurudufu chembe za urithi za kijidudu mara nyingi mno hadi zitambulikane. Majibu hupatikana kwa muda usiozidi saa mbili. Zaidi ya hayo, mashine huonyesha kama kijidudu hicho ni sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu.

Jambo hili lawahusu askari kwa karibu. Kifua kikuu hupenda mahali penye watu wengi na hewa kidogo, na mahali pa namna hiyo ni pamoja na mabweni ya kambi, mahabusu za vituo vya polisi na magereza. Askari anayekohoa wiki mbili au zaidi akajikaza kiume anaweza kuwaambukiza kikosi kizima. Akipimwa mapema akatambuliwa, atatumia dawa kwa muda wa kawaida wa miezi sita, akapona na kurudi kazini. Kupimwa si dalili ya udhaifu, kama vile kukagua bunduki kabla ya doria si dalili ya woga.

Lakini mashine hiyo nayo ina bwana wake. Makasha yake hutengenezwa na kampuni moja ya Marekani, Cepheid, na kasha la mwingine haliingii. Anayenunua mashine amejifunga kununua makasha siku zote. Mashirika ya kutetea wagonjwa yalilalamika kwa miaka mingi, na Septemba 2023 kampuni hiyo ikateremsha bei ya kasha la kifua kikuu kutoka dola 9.98 hadi dola 7.97 kwa nchi zenye kipato kidogo. Ni nafuu, lakini hospitali ya wilaya ikiishiwa makasha, mashine yake ya thamani hugeuka pambo la mezani. Hivyo serikali inayonunua chombo cha afya lazima iulize mapema ni nani atakayeuza vifaa vyake, kwa bei gani, na kwa muda gani.

Simu ya mkononi nayo imeingia katika tiba. Nchini Kenya, Septemba 2023, wahudumu wa afya wa jamii wapatao laki moja walianza kupewa mikoba yenye vifaa kama vile vya kupimia shinikizo la damu na sukari, na taarifa zao huandikwa kwa simu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mamlaka mpya ya bima ya afya imechukua nafasi ya mfuko wa zamani, na uandikishaji hufanywa kwa simu. Uganda ilifuta malipo katika vituo vya serikali mwaka 2001, na dawa za serikali huwekwa alama kwamba haziuzwi. Dawa yenye alama hiyo ikikutwa dukani, au ikivushwa mpaka kwa njia za panya, polisi hana haja ya mtambo wowote kutambua kwamba mgonjwa fulani ameibiwa.

Agosti 2024 jitihada hizo zilizaa tunda. Ugonjwa wa mpox ulipokuwa ukienea kutoka Kongo, mgonjwa wa pili kuthibitishwa nchini Kenya alikuwa dereva wa lori aliyetambuliwa katika ukaguzi wa Malaba. Mashine ilithibitisha ugonjwa, lakini kabla ya mashine alikuwapo mtu aliyekuwa macho kazini, akamtazama msafiri na kutilia shaka alichokiona.

Hapo ndipo ulipo wajibu wa askari. Mtambo hauwezi kumzuia ofisa anayepokea noti chache ili amwachie asiyepimwa apite. Hauwezi kuziba njia ya panya ambayo mlinzi wake amegeuza uso. Wala hauwezi kutunza siri ya mgonjwa ikiwa aliyeona majibu anayatangaza sokoni, jambo ambalo huwafanya wengine waukimbie uchunguzi na kujificha na maradhi yao. Mwaka 2020 madereva wengi walitazamwa kama wahalifu, na mtu anayetazamwa hivyo hutafuta mahali pengine pa kuvukia.

Teknolojia imefupisha safari ya sampuli kutoka siku kadhaa hadi saa mbili. Biashara imeleta vyombo ambavyo serikali peke yake isingevitengeneza, pamoja na gharama ambazo serikali inapaswa kuzichunga. Lakini cheti cha afya kina thamani ile ile aliyo nayo mtu anayekikagua langoni. Askari mwaminifu wa Busia au Malaba, kwa kukataa hongo moja, huenda akaokoa maisha ya watu ambao hatawaona kamwe, huko Tororo, Kigali au Mombasa.