Kisima cha Mashine: Kivikwe Bomba au Kiachwe Wazi?

Mchanga ulioshuka chini ya ndoo ya maji ya kisima si jambo la kupuuza. Huenda kisima kinabomoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Huko Dzaleka, wilayani Dowa, yapata kilomita 45 kutoka Lilongwe, palikuwa na gereza kabla ya wakimbizi kupokewa mwaka 1994. Leo wanaishi hapo watu zaidi ya 50,000, nao hutegemea sana visima vya pampu. Pembezoni mwa Lilongwe nako, wenye nyumba wengi huchimba visima vyao wenyewe. Swali ni moja: je, sehemu ya chini ya kisima ivikwe bomba, au iachwe wazi, kama wafanyavyo wachimbaji wa mafuta penye mwamba imara wa chokaa?

Kuiacha wazi kuna faida. Gharama ya mabomba hupungua, na maji huingia kutoka kila ufa bila kizuizi. Penye mwamba mgumu usiomomonyoka, kisima cha namna hiyo huweza kudumu miaka mingi.

Hasara zake si ndogo. Ukuta ukibomoka, pampu hunaswa. Mchanga husaga vipira vya pampu ya mkono, na akina mama hulazimika kutafuta maji kwingine. Tena ufa mmoja ukitoa maji ya chumvi, si rahisi kuuziba.

Sehemu kubwa ya Malawi ya kati ina mwamba wa kale ambao tabaka lake la juu limeoza likawa laini, na mara nyingi maji hukaa humo. Hapo shimo lisiachwe wazi. Huhitaji bomba lenye matundu membamba, lililozungukwa na changarawe iliyochekechwa. Mradi wa Livulezi, wilayani Ntcheu, ulitumia njia hiyo katika miaka ya 1980.

Hata penye mwamba mgumu, sehemu ya juu haina budi kuvikwa bomba na kuzibwa kwa saruji, ili maji machafu ya vyooni na ya juu ya ardhi yasipenye.

Basi, kabla ya kumlipa mchimbaji, muulize: Umekuta mwamba gani, na kwa kina gani? Bomba linaishia wapi? Majibu yaandikwe na kutunzwa. Fundi atakayekuja kutengeneza kisima baada ya miaka kumi atayahitaji.