Bushi: Ukoo Mmoja, Bami Wengi

Bushi ni nchi ya Bashi, mashariki mwa Kongo, na bami ni wafalme wake. Anayeondoka mji wa Bukavu kwa njia ya Kavumu anapita katika nchi ya Mwami Kabare. Anayeteremka Nyangezi kuelekea Kamanyola yuko kwa Mwami Ngweshe. Pande zote mbili watu wanasema Mashi, lugha ya Bashi, wanalima maharagwe na migomba, wanakunywa kasiksi ileile, pombe ya ndizi. Hata hivyo, kila upande una mwami wake, na mmoja hapokei amri ya mwenziwe.

Mapokeo ya Bashi yanaanzia Lwindi, katika milima ya Mwenga ya leo. Huko ndiko walikotoka Banyamwocha, ukoo wa kifalme. Wazee humtaja mama mmoja, Namuhoye, ambaye uzao wake ulitawanyika ukashika vilima mbalimbali. Kabare ikawa nyumba kubwa, na mwami wake hadi leo anaitwa Nnabushi. Ngweshe ni tawi lililochipuka kutoka Kabare, likajitenga na kujitawala.

Kujitenga huko kulikuwa na msingi wake: ardhi. Aliyetaka shamba alimpelekea mwami, au mkubwa aliyewekwa juu ya kilima, ng'ombe wa kalinzi. Ng'ombe akipokelewa, mtu yule alipata shamba la kudumu ambalo watoto wake wangerithi. Papo hapo alifungwa kwa yule aliyempa, amtumikie na kumtii. Asiye na ng'ombe alilima kwa bwasa, mkataba wa muda mfupi tu. Kwa hiyo mwana wa mwami aliyekabidhiwa vilima mbali na baba yake aliweza kugawa ardhi, kukusanya watu na mifugo, na mwishowe kusimama peke yake.

Makao ya Kabare leo yako Cirunga, juu ya vilima vinavyoutazama mji wa Bukavu. Zamani mwami alikuwa na makazi zaidi ya moja, na boma kuu liliweza kuhama. Jambo ambalo halikuhama ni kazi ya bajinji, walinzi wa mila. Bila wao hakuna mwami anayetawazwa na kuvikwa ishungwe, taji la ufalme. Wao pia ndio wenye mubande, ibada ya mwaka inayofungamana na mtama, ambamo heri ya mwami na heri ya mashamba huombwa pamoja.

Mgawanyiko wa Bushi kati ya bami wengi ulipitia majaribu makubwa. Mfalme Rwabugiri wa Rwanda aliishambulia Bushi mara kadhaa, na mwaka 1895 kifo kilimkuta kwenye Ziwa Kivu akiwa katika safari ya vita dhidi ya Bushi. Baada yake wakaja Wabeligiji, na Mwami Rutaganda wa Kabare akawapinga kwa muda mrefu. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyowagawia walowezi ardhi kwa ajili ya kahawa, chai na kwinini. Mwaka 1936 wakoloni walimwondoa Mwami Alexandre Rugemaninzi wa Kabare, wakampeleka Léopoldville, na hakurudi hadi utawala wao ulipokuwa unaelekea mwisho.

Walichoshindwa wakoloni kufuta ni ramani yenyewe ya bami. Teritwari ya Walungu ina sheferi mbili, yaani maeneo ya bami: Ngweshe na Kaziba. Ya Kabare nayo ina mbili, Kabare na Nindja. Sheferi za Luhwinja na Burhinyi zimo katika teritwari ya Mwenga. Ngweshe peke yake imegawanyika katika gurupema 16, sehemu ndogo za sheferi. Sheria ya mwaka 2008 inaitambua sheferi kuwa sehemu ya utawala wa nchi, na ile ya mwaka 2015 inaweka hadhi ya machifu wa mila.

Bukavu, iliyoitwa Costermansville hadi miaka ya 1950, ilijengwa katika ardhi ya Kabare na inaendelea kupanda vilima vyake. Kule Kasha, katika komuni ya Bagira, nyumba za mji zimeyafikia mashamba ya mihogo na migomba. Anayenunua kiwanja huko anahitaji karatasi za serikali, lakini pia anapaswa kuwajua waliopewa kilima hicho kwa kalinzi.