Wavu wa Nyuzi za Kioo: Utengenezaji Wake na Uwezekano wa Kuufuma Arusha

Wavu wa nyuzi za kioo ni kitambaa chenye matundu wazi kinachofukiwa ndani ya plasta ili kudhibiti nyufa, hususan pale ukuta wa matofali unapokutana na nguzo ya zege. Katika maeneo yanayojengwa nyumba za matofali ya saruji, kama Lemara jijini Arusha, manufaa ya wavu huo hutegemea namna ulivyotengenezwa.

Utengenezaji huanza kwa kuyeyusha mchanga wa silika, chokaa na madini mengine katika joto la takriban nyuzijoto 1,400 za selsiasi. Kioo kilichoyeyuka hupita katika vitundu vya sahani ya platini, kikavutwa kwa kasi kuwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, ambazo hukusanywa kuwa uzi mmoja.

Hatua ya pili ni ufumaji. Kitambaa cha kawaida hushikamana kwa kuwa nyuzi zake zimebanana. Wavu hauna mbano huo, na uzi wa kioo huteleza. Kwa hiyo hutumika mfumo wa leno, ambapo nyuzi mbili za mtande hupindana na kuukaba kila uzi wa mshindio. Matundu aghalabu huwa ya milimita 4 hadi 5, ili plasta ipenye na kushikana pande zote mbili.

Hatua ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi. Saruji mbichi ina alikali yenye pH inayozidi 12, ambayo humomonyoa kioo cha kawaida. Hivyo wavu huchovywa katika polima na kukaushwa. Mpako huo hukinga uzi na kufunga makutano yake. Kipimo cha Ulaya hudai wavu ubakize angalau nusu ya nguvu zake baada ya siku 28 ndani ya alikali.

Ufumaji wa matundu si mgeni Arusha: mwaka 2003 kiwanda cha A to Z Textile Mills kilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset kwa teknolojia ya Sumitomo Chemical ya Japani. Hata hivyo, uzi wa polithilini wa vyandarua hivyo hukubali kupindwa, ilhali kioo hukatika kikikunjwa sana. Njia iliyo karibu ni kuagiza uzi wa kioo, kisha kuufuma na kuupaka nchini. Maabara ya kupima alikali itangulie, kwani wavu uliokingwa na ule uliotiwa rangi tu hufanana machoni. Tofauti hujitokeza ukutani, mwenye nyumba akiwa ameshalipa.