Motokaa Ifaayo Kukokota Karavani Kubwa

Wasikilizaji wetu, zamani neno karavani lilikuwa na maana ya msafara wa ngamia jangwani. Leo twazungumza juu ya karavani ya namna nyingine, nayo ni nyumba ndogo yenye vitanda, jiko na meza, iliyojengwa juu ya magurudumu na kukokotwa na motokaa. Huko Uingereza watu wengi huitumia wakati wa likizo. Mwaka 1885 daktari mmoja aitwaye William Gordon Stables alitengenezewa nyumba ya namna hiyo mjini Bristol, akaiita Wanderer, akasafiri nayo mpaka Inverness katika Scotland, ikivutwa na farasi wawili.

Farasi akielemewa husimama, bwana wake apende asipende. Motokaa haina akili hiyo. Hukubali kufungwa mzigo uipitao nguvu, ikaenda nao vizuri mpaka siku ya mteremko na upepo. Tena, tangu Desemba 2021 dereva wa Uingereza mwenye leseni ya motokaa ya kawaida hahitaji mtihani wa pili ili akokote tela la hadi kilo 3,500. Mtihani umeondolewa, lakini hatari za barabara zi vile vile. Basi yafaa kila mwenye karavani ajifunze mwenyewe jinsi ya kuchagua motokaa.

Wengi huanza kwa kuuliza nguvu za injini. Sisi twasema, ulizeni kwanza uzito. Mtu mzima akimshika mtoto mkono mahali penye utelezi, mtoto akiteleza mtu mzima humzuia. Lakini akiteleza mtu mzima, mtoto naye huburutwa. Ndivyo ilivyo kwa motokaa na karavani. Iliyo nzito ndiyo bwana wa safari, na bwana huyo hana budi kuwa motokaa.

Kwa sababu hiyo wajuzi wa karavani wa Uingereza huwashauri watu wasio wazoefu kwamba uzito wa karavani pamoja na mizigo yake usizidi asilimia 85 ya uzito wa motokaa iliyo tayari kwenda bila mizigo. Hiyo si sheria, ni shauri la busara. Natufanye hesabu kidogo. Karavani kubwa yaweza kufika kilo 1,800. Tukigawanya 1,800 kwa 85, kisha tukizidisha kwa 100, twapata karibu kilo 2,118. Basi motokaa yenye kilo 1,500 haifai kazi hii, hata injini yake ikiwa na nguvu kama simba.

Jambo la pili ni kusoma kibati cha chuma au karatasi ngumu iliyobandikwa motokaani na mtengenezaji. Humo mna uzito wa mwisho wa motokaa ikiwa imejaa, na uzito wa mwisho wa motokaa na tela pamoja. Tuseme wa kwanza ni kilo 2,700 na wa pili ni kilo 4,400. Toa mmoja katika mwingine, zabaki kilo 1,700. Basi motokaa hiyo ikiwa imejaa watu na mizigo haina ruhusa ya kukokota karavani yetu ya kilo 1,800. Chuma cha kukokotea nacho kina kipimo chake. Kamba hukatikia pembamba. Kwa hiyo katika vipimo vyote hivi, kilicho kidogo ndicho kitakachofuatwa.

Muuzaji aweza kusema, "Motokaa hii imeruhusiwa kukokota kilo 2,000." Labda asema kweli, lakini tujue maana ya kweli hiyo. Katika Ulaya, motokaa yenye mzigo huo hujaribiwa kama yaweza kuondoka mara tano katika muda wa dakika tano, juu ya mlima unaopanda mita 12 kwa kila mita 100. Jaribio hilo laonyesha kwamba motokaa yaweza kupanda. Halionyeshi kwamba itatulia lori kubwa likiipita kwa kasi.

Jambo la tatu ni uzito unaolala juu ya chuma cha kukokotea. Aliyepakia mkokoteni wa punda alijua hili tangu utoto wake: mzigo ukiwekwa nyuma mno, miti ya mbele huinuka na punda hupoteza nguvu, ukiwekwa mbele mno, punda huelemewa mgongo. Karavani hutaka asilimia 5 mpaka 7 ya uzito wake ilale juu ya chuma hicho. Kwa kilo 1,800, ni kilo 90 mpaka 126. Motokaa isiyoruhusiwa kubeba kiasi hicho yafaa iachwe. Vitu vizito vipakiwe chini, karibu na magurudumu ya karavani, wala visirundikwe nyuma.

Baada ya hayo ndipo tuitazame injini. Injini ya dizeli hupendwa kwa sababu huvuta sana hata ikizunguka polepole. Motokaa ya umeme nayo huvuta tangu inapoanza kwenda, na betri zake huipa uzito. Lakini safari yake hupungua sana ikikokota, na nyingine hazikuruhusiwa na watengenezaji kukokota kamwe. Motokaa yenye nafasi ndefu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma hutulia zaidi. Ikiwa magurudumu yote manne yaendeshwa na injini, ni msaada mkubwa katika majani yaliyolowa.

Hata motokaa iliyochaguliwa vizuri yataka dereva mwenye subira. Sheria ya Uingereza humruhusu mwenye karavani maili 50 kwa saa katika barabara za kawaida, na 60 katika barabara kuu zilizogawanywa katikati. Karavani ikianza kuyumba kama nyoka, dereva aondoe mguu katika mafuta, ashike usukani kwa utulivu, aache mwendo upungue wenyewe. Asikanyage breki kwa ghafula, wala asiongeze mwendo akidhani ataikimbia.

Wasikilizaji wetu, walio wengi kati yetu hatutamiliki karavani. Lakini tela lililofungwa nyuma ya gari lo lote hufuata kanuni hizi. Kabla ya kufunga mzigo, pimeni. Na baada ya kupima, kama mzigo umezidi, punguzeni mzigo au tafuteni gari jingine. Kibati kikisema hapana, ahadi ya muuzaji haiongezi hata kilo moja.