Je, wimbo mmoja bado unaweza kuupindua muziki wa Bongo?

MSAFIRI anayetoka Bagamoyo mjini kuelekea Msata hupita Kiwangwa, kata ya Mkoa wa Pwani inayofahamika kwa mananasi kuliko kwa muziki. Hata hivyo, muziki haukosekani. Kwenye kijiwe cha bodaboda, ndani ya basi dogo la abiria na kwenye kibanda cha kuchajia simu, mtu anaweza kusikia singeli, amapiano, taarabu, kaswida na Bongo Fleva ya mwaka 2003, vyote ndani ya robo saa na kila kimoja kikitoka kwenye spika yake.

Mwaka 1990 hali haikuwa hivyo. Kiwangwa, kama sehemu kubwa ya Tanzania Bara, ilisikiliza redio moja tu, Redio Tanzania Dar es Salaam. Aliyetaka kitu tofauti alihitaji kaseti, redio ya kaseti na betri, na kaseti hiyo ilibidi isafiri kutoka mjini kwa barabara ya vumbi.

Tofauti hiyo ndiyo inayolipa uzito swali ambalo wapenzi wa muziki hulijadili kila mwaka: je, wimbo mmoja bado unaweza kubadilisha mwelekeo wa muziki wa watu wengi, kama zilivyofanya baadhi ya nyimbo za zamani?

Nchi za Magharibi hujibu swali hilo kwa kutaja nyimbo za roki. Hutajwa 'Rock Around the Clock' wa Bill Haley, uliotolewa mwaka 1954 na kutikisa Marekani mwaka uliofuata baada ya kutumika katika filamu. Hutajwa pia 'Smells Like Teen Spirit' wa kundi la Nirvana, uliotoka Septemba 1991. Miezi minne baadaye albamu ya kundi hilo ilimwondoa Michael Jackson kileleni mwa chati ya Marekani.

Kwa Tanzania jibu hilo linaonekana kuwa la mbali, kwani roki haikuwahi kuwa muziki wa wengi. Makundi yalikuwapo Dar es Salaam, likiwamo Sunburst la miaka ya 1970, lakini upepo wa sera haukuyapendelea. Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ulijumuisha Dar es Salaam, ulipiga marufuku madansi ya soul kwa hoja ya kulinda utamaduni. Muziki wa dansi wa Kiswahili ulibaki na uwanja wake.

Pamoja na hayo, wimbo mmoja wa roki uliacha alama kubwa katika muziki wa nchi hii. Ulifanya hivyo kwa mlango wa uani.

Mzaliwa wa Unguja na mlio wa besi

Septemba 5, 1946, alizaliwa Zanzibar mtoto aliyepewa jina la Farrokh Bulsara. Familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, na huko kijana huyo alikuja kujulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen.

Julai 1981 Queen walikutana na David Bowie katika studio iliyopo Montreux, Uswisi, na kutengeneza wimbo 'Under Pressure'. Ulitoka Oktoba mwaka huo na kushika namba moja Uingereza. Unafunguliwa na noti chache za gitaa la besi la John Deacon, zinazorudiwarudiwa, ambazo mtu akizisikia mara moja hazitoki kichwani.

Mwaka 1990 kijana wa Kimarekani, Vanilla Ice, alichukua mlio huo wa besi na kuufokea juu yake wimbo alioupa jina 'Ice Ice Baby'. Ulikuwa wimbo wa kwanza wa kufokafoka kufika namba moja katika chati kuu ya Marekani. Hakuomba ruhusa, na alipobanwa alidai ameongeza noti moja. Mwishowe Queen na Bowie waliandikwa kuwa miongoni mwa watunzi na kulipwa haki zao.

Muda si mrefu baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mdundo huohuo ulitua Dar es Salaam. Saleh Jabir aliuchukua na kuweka juu yake maneno ya Kiswahili. Kaseti yake ilinakiliwa, ikauzwa na kunakiliwa tena, ikafika mikoani ambako jina la Queen halikuwa na maana yoyote.

Kwa njia hiyo, besi iliyopigwa katika wimbo ulioimbwa na mzaliwa wa Unguja ilizunguka Uswisi, Uingereza na Marekani, ikarejea pwani ya Afrika Mashariki bila mtu kuitambua, na kuwa sakafu ya kaseti iliyowafungulia njia wafokaji wa Kiswahili.

Ilikuwa ruhusa, si ubora

Ni haki kueleza kuwa Saleh Jabir hakuanzisha muziki wa kufokafoka nchini. Vijana wa Dar es Salaam walikuwa wakifoka tangu miaka ya 1980, wengi wao kwa Kiingereza na kwa kukariri maneno ya Wamarekani. Kufoka kwa Kiswahili kulionekana kichekesho. Lugha ya taarabu, ya dansi na ya hotuba za viongozi ingewezaje kukimbizana na mdundo wa New York?

Kaseti ile ilijibu swali hilo. Haikuwa kazi bora; mdundo si wake, wazo si lake, na Vanilla Ice mwenyewe hakuheshimiwa sana na wenzake. Kilichobaki kwa msikilizaji ni kwamba jambo lile linawezekana, na kwamba hata asiyejua Kiingereza anaweza kulifanya. Kijana wa Mbeya au wa Kiwangwa hakuhitaji gitaa wala bendi. Alihitaji daftari na kalamu.

Yaliyofuata yanafahamika. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua milango kwa vituo binafsi, na mwaka 1994 Radio One ikaanza kurusha matangazo. Mwaka 1995 Joseph Mbilinyi, aliyejiita Mr. II na baadaye Sugu, alitoa albamu 'Ni Mimi', yote kwa Kiswahili. Mwaka 2001 Joseph Haule, Professor Jay, alitoa 'Ndiyo Mzee', wimbo wa mzaha kuhusu mwanasiasa mwenye ahadi za ajabu, ambao uliwafanya hata wazee waliokuwa wakiuona muziki huo ni wa wahuni watege sikio. Wasanii hao wawili baadaye walikaa bungeni: Sugu kwa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020, Jay kwa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020.

Katika mlolongo huo kuna mambo mawili yanayostahili kutazamwa kwa karibu. La kwanza ni mlango mwembamba. Redio zilipokuwa moja, kisha mbili, kisha nne, wimbo uliofanikiwa kupenya ulisikika na watu wote kwa wakati mmoja, na kesho yake shuleni kila mtu alikuwa na la kusema juu yake. La pili ni kitu cha kuiga. Wimbo unaoshangiliwa tu hupita. Unaopindua muziki humwachia msikilizaji zana ya kwenda nayo nyumbani.

Hali hiyo haikuanza na kaseti. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda huko Katanga akipiga 'Masanga', na wapiga gitaa wa Afrika Mashariki wakakaa chini kujifunza vidole vyake. Kabla yake, santuri za Kikyuba zilizosambazwa kuanzia miaka ya 1930 ziliwapa wanamuziki wa Kongo na Tanganyika rumba, kiasi kwamba Morogoro ilipata bendi iliyoitwa Cuban Marimba.

Bagamoyo yenyewe inatoa mfano wa upande wa pili. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeishi na kufanya kazi hapo hadi alipofariki dunia Desemba 2003, alisifiwa na wanamuziki wa roki wa Ulaya. Kampuni ya Real World ya Peter Gabriel ilitoa kazi zake, ikiwamo aliyoifanya na mpiga gitaa Michael Brook mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa ubora, wachache walimkaribia. Lakini sauti ile haikuzaa kundi la vijana waliotaka kupiga zeze kama yeye katika studio za Dar es Salaam. Wimbo ulipita katika mlango wa London, si wa Kariakoo. Bila shaka hilo ni jambo la kusikitisha.

Mlango umekuwa uwanja

Leo leseni za redio nchini zimevuka 200, na redio si tena njia kuu kwa kijana mwenye simu. Mwaka 2022 wakuu wa kampuni kubwa za muziki duniani walikadiria kuwa nyimbo zipatazo 100,000 zilikuwa zikipakiwa kila siku kwenye majukwaa ya kusikiliza muziki mtandaoni. Msanii wa Kiwangwa mwenye intaneti anaweza kuwa mmoja wao kesho asubuhi. Tatizo lake si kufika. Ni kusikika na watu wengi kwa pamoja, kwa muda wa kutosha kuacha alama.

Nyimbo zinazotikisa bado zipo. Machi 2017 Ney wa Mitego alikamatwa na wimbo wake 'Wapo' ukazuiwa, kisha Rais John Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Kwa siku kadhaa nchi nzima ilizungumzia wimbo mmoja. Muziki wenyewe haukubadilika. Kilichotikiswa kilikuwa siasa. Mwaka 2020 'Jerusalema' wa Master KG wa Afrika Kusini ulichezwa na wauguzi, mapadri na askari katika nchi nyingi, kisha dunia ikaendelea na mambo yake.

Unaokaribia zaidi ni 'Number One' wa Diamond Platnumz wa mwaka 2013, hasa marudio yake na Davido wa Nigeria. Baada yake, msanii wa Bongo aliyetaka kuvuka mipaka alijua njia: mshirika kutoka Lagos, video ya gharama, na mdundo unaoeleweka huko. Ulikuwa mfano ulioigwa kwelikweli. Lakini ulichofundisha kilikuwa biashara zaidi ya sauti.

Mabadiliko makubwa ya sauti ya miaka ya karibuni hayana wimbo mmoja wa kuyabeba. Amapiano iliingia nchini kama mdundo, na wasanii wakauvaa mmoja baada ya mwingine. Singeli ilikua katika sherehe za uswahilini za Dar es Salaam, ikitokana na mchiriku, ambao nao una mizizi katika ngoma za Wazaramo, majirani wa karibu wa watu wa Kiwangwa. Man Fongo aliipeleka redioni mwaka 2016 kwa 'Hainaga Ushemeji', lakini kufikia wakati huo singeli ilikuwa na miaka kadhaa mitaani. Wimbo huo uliitambulisha kwa wasioijua, haukuizaa.

Kaseti ile ingefutwa

Kuna kikwazo kingine kisichozungumzwa sana. Njia aliyopita Saleh Jabir imefungwa. Kaseti yake iliwezekana kwa sababu hakuna aliyekuwa akikagua. Sheria ya hakimiliki ya sasa ilipitishwa mwaka 1999, na tangu mwaka 2007 YouTube ina mfumo unaotambua wenyewe sauti ya mtu mwingine ndani ya wimbo uliopakiwa. Kijana akiweka leo maneno ya Kiswahili juu ya besi ya Queen, mwenye mali anaweza kuuzuia wimbo huo au kuchukua mapato yake kabla haujasikilizwa na watu 100.

Si rahisi kuulaani mfumo huo. Wanamuziki wa dansi wa nchi hii waliona nyimbo zao zikipigwa na kunakiliwa kwa miongo kadhaa pasipo kulipwa ipasavyo, na ulinzi ni dai lao la haki. Ila ulinzi uleule unamkuta mwanafunzi katika hatua ya kwanza kabisa, pale anapojifunza kwa kuiga. Muziki wa Bongo ulianza kwa kuiga waziwazi, na waliokuja kutunga vyao walitoka humo.

Mpinduzi ajaye, kama yupo, huenda asionekane kwanza mtandaoni. Katika miji midogo kama Kiwangwa bado kuna watu wanaoingiziwa nyimbo kwenye memori kadi na vijana wenye kompyuta, faili kwa faili, na wengine hutumiana kwa simu zilizowekwa kando kwa kando. Bado kuna sherehe ambako mshereheshaji hufoka papo kwa papo juu ya mdundo alioukata kutoka wimbo wa mtu, mtu mwingine akarekodi kwa simu, na rekodi ikafika kijiji cha pili kabla ya mapambazuko. Huko hakuna mfumo wa kuitambua, hakuna anayehesabu wasikilizaji, na hadhira yote ipo chini ya turubai moja, ikisikia kitu kimoja kwa wakati mmoja.