Pombe Inapokatika Wodini

Itakumbukwa kwamba mnamo mwezi wa Julai mwaka 2015, kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta, serikali ya Kenya iliendesha msako mkali dhidi ya pombe kali za bei rahisi katika eneo la kati la nchi hiyo. Uganda nayo ilipiga marufuku pombe za vifuko mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikafunga mabaa kwa sababu ya UVIKO-19. Mabaa hayo yalifunguliwa tena Januari 2022, ingawa wenye fedha waliendelea kununua na kunywea nyumbani. Tanzania ilikuwa imekwisha kuviondoa viroba sokoni tangu Machi 1, 2017.

Juu ya faida za hatua hizo mengi yamesemwa, na hapana haja ya kuyarudia. Lakini liko jambo moja ambalo halikuzungumzwa sana, nalo ni kwamba mwili uliozoea pombe kali kila siku kwa miaka mingi hauwezi kutii amri ya siku moja. Tena si lazima amri hiyo itoke serikalini. Mtu akigongwa na pikipiki jioni, akalazwa na mguu uliovunjika, pombe yake imekatika saa ile ile, na pengine hakuna aliyemwuliza kama alikuwa mnywaji.

Baada ya saa sita hivi mikono huanza kutetemeka, jasho humtoka, moyo humwenda mbio, na usingizi humkimbia. Katika siku mbili za kwanza aweza kupatwa na degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao huanza kuweweseka: humwona nyoka juu ya dari, huongea na watu wasiokuwepo, hung'oa dripu na kutaka kutoka nje. Jamaa husema amerogwa; wodini hudhaniwa ni malaria iliyopanda kichwani. Ni kweli kwamba malaria lazima ipimwe, na kichwa kilichoumia lazima kichunguzwe. Lakini mgonjwa wa namna hii akifungwa kamba kitandani na kuachwa, aweza kufa.

Sababu yake si fumbo. Pombe hutuliza ubongo, na ubongo unaotulizwa kila siku hujiongezea msukumo ili uweze kufanya kazi. Pombe ikiondoka ghafla, msukumo hubaki bila breki. Mwaka 1955 Harris Isbell na wenzake, katika mji wa Lexington nchini Marekani, walichapisha habari za watu waliokunywa kwa wiki nyingi huku wakilishwa vizuri, kisha wakaachishwa. Waliokunywa kwa muda mrefu zaidi walipatwa na degedege na kuweweseka. Kwa hiyo haikuwa njaa iliyowaangusha, bali kule kukatizwa pombe.

Hapa ndipo uchaguzi wa dawa unapokuwa suala la uhai. Kwa muda mrefu hospitali nyingi duniani zilimtuliza mgonjwa wa namna hii kwa klopromazini, dawa ya wagonjwa wa akili. Mwaka 1969 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 537. Kati ya waliopewa klopromazini, kama 12 katika kila 100 walipata degedege, idadi iliyozidi hata ya wale waliopewa vidonge visivyo na dawa yoyote. Waliopewa klodiazepoksaidi, ndugu yake diazepamu, walipata degedege kama 1 tu katika 100. Kuanzia hapo jibu limejulikana.

Diazepamu, ambayo wengi huiita Valium, hufanya kazi karibu na pale pale pombe inapofanyia, kwa hiyo humshusha mgonjwa ngazi kwa ngazi badala ya kumwangusha kutoka darini. Hukaa mwilini muda mrefu na kutoka polepole. Huthibitika ikimezwa au ikipitishwa kwenye mshipa wa damu; ikichomwa msulini haiaminiki. Mgonjwa ambaye ini lake limekwisha kuharibika, au mzee dhaifu, hufaa zaidi kupewa lorazepamu, ambayo ini huimudu kwa urahisi. Fenobabitali, inayojulikana sana kwa wagonjwa wa kifafa, nayo inafaa na imeanza kupendwa tena katika nchi tajiri, ila kipimo kikizidi kidogo pumzi hulegea, na yataka mwangalizi wa karibu. Haloperidoli yaweza kuongezwa kwa anayeona mambo yasiyokuwepo, lakini haitoshi peke yake. Propranololi hushusha mapigo ya moyo na kuuficha ugonjwa bila kuutibu.

Pamoja na hizo huenda vitamini B1, yaani thiamini. Mnywaji wa miaka mingi huwa amepungukiwa nayo, na bila hiyo anaweza kupoteza kumbukumbu kwa maisha yake yote. Kwa sababu hiyo yafaa dripu ya sukari isimtangulie thiamini, ingawa mwenye sukari iliyoshuka vibaya hangojeshwi.

Wala haipasi kumpa kila mtu dawa nyingi kwa saa maalum. Mwaka 1994 ilionyeshwa kwamba wagonjwa waliopimwa dalili mara kwa mara, wakapewa dawa pale tu dalili zilipozidi, walitibiwa kwa muda wa saa 9 kwa kawaida, ambapo wenzao waliopewa kwa ratiba walichukua saa 68. Kazi hiyo ya kupima ni ya muuguzi, na wodi yenye muuguzi mmoja usiku kwa vitanda hamsini haiwezi kuifanya.

Kenya ina hospitali ya Mathari, na Uganda ina Butabika, zenye wataalamu wa matatizo haya. Lakini aliyevunjika mguu hapelekwi Mathari. Hulazwa katika hospitali ya wilaya, ambako diazepamu, kwa kuwa imo katika dawa zinazodhibitiwa na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, hufungiwa kabatini, na mwenye ufunguo huenda amekwenda kulala. Udhibiti huo una haki yake, maana dawa hii nayo hulevya na huzoeleka. Ndiyo sababu hupunguzwa na kusimamishwa baada ya siku chache, na mgonjwa harudishwi nyumbani na mfuko wa vidonge. Hata hivyo ufunguo unaweza kuachwa kwa muuguzi wa zamu, pamoja na daftari la kutia sahihi. Na lile swali la lini mgonjwa alikunywa mara ya mwisho, na kiasi gani, linaweza kuandikwa katika karatasi ya kulazwa, chini ya jina na umri.