Pima Kabla Hujavuta

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Likizo iliyopita niligundua kwamba methali hii haisemi juu ya binadamu tu. Hata gari nalo huonewa hivyo hivyo. Sisi tuliokaa ndani tunapiga gumzo, kumbe huko nyuma limefungiwa mzigo ambao halikuumbiwa.

Mjomba wangu hufanya biashara ya samaki huko Port Victoria, Kaunti ya Busia. Alikuja hapa Kisumu kununua boti ya faiba yenye urefu wa mita 7 hivi, pamoja na trela lake la magurudumu mawili. Nia yake ilikuwa kuivuta boti hiyo kwa gari lake aina ya Land Rover Defender, kupitia Maseno hadi nyumbani. Ndani ya gari tungekuwa yeye, watoto wake watatu na mimi.

Nikamwuliza, "Mjomba, boti na trela lake vina uzito gani?"

Akacheka. "Mpwa wangu, hili ni Defender! Linavuta tani tatu na nusu. Boti hii kwake ni sisimizi tu."

Nilikuwa nimetoka kusoma kuhusu nguvu na mwendo katika somo la fizikia, kwa hiyo sikuridhika. Nikaomba kitabu cha gari, kile ambacho wengi wetu hukiacha kwenye droo ya mbele kiliwe na mende. Mjomba hakukosea. Kilo 3,500 zimeandikwa. Lakini kuna namba ya pili, nayo ndiyo iliyotushtua: kilo 750.

Namba hizi mbili zina maana gani? Ile ya kwanza ni kwa trela lenye breki zake lenyewe. Ya pili ni kwa trela lisilo na breki. Trela la mjomba halikuwa na breki hata moja! Basi lile gari la tani tatu na nusu likawa, kwa safari ile, gari la kilo 750 tu. Si kwamba injini imedhoofika, la. Kuvuta ni jambo moja, kusimamisha ni jingine. Trela lisilo na breki husimamishwa na breki za gari peke yake, nalo huendelea kusukuma kutoka nyuma.

Tulilipeleka trela kwenye mizani ya malori ya ghala moja la nafaka, tukalifungua kutoka garini, tukalipima peke yake. Hesabu ilikuwa hivi: boti tupu kilo 560, injini ya boti kilo 75, petroli lita 60 ambazo ni kama kilo 45, nyavu, kamba, nanga na majaketi ya kuokolea kilo 70, na trela lenyewe kilo 350. Jumla kilo 1,100. Tulikuwa tumezidisha kwa kilo 350!

Mjomba akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, tuhamishe injini, mafuta na nyavu, tuvitie garini." Ni wazo zuri, lakini hebu tupige hesabu. 1,100 toa 190 ni 910. Bado tumezidi kwa kilo 160. Tena mzigo uliohamishwa haupotei. Gari nalo lina kikomo chake cha uzito, na ndani yake huhesabiwa abiria, mizigo, na hata ule uzito ambao trela linaukandamiza kwenye chuma cha kuvutia.

Hapo ndipo tunafika kwenye jambo la tatu, uzito wa shingo ya trela. Shingo ni ile sehemu ya mbele inayokalia mpira wa chuma nyuma ya gari. Ikiwa mzigo mwingi uko nyuma ya ekseli, shingo huwa nyepesi na trela huanza kuyumba kama mkia wa mbwa aliyemwona bwana wake. Likishika kasi laweza kuliangusha gari. Ikiwa mzigo mwingi uko mbele, shingo hukandamiza nyuma ya gari, magurudumu ya mbele huinuka kidogo na usukani huwa mwepesi usiotii. Huko Ulaya wengi hushauri shingo ibebe asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa trela. Marekani husema 10 hadi 15 kwa yale matrela ya nyumba za kusafiria. Hakimu wa mwisho ni kitabu cha gari lako.

Je, unaweza kuupima uzito huo nyumbani? Naam! Chukua mizani ya bafuni uiweke chini ya shingo, juu ya uwanja tambarare, huku kipande cha mbao kikiiinua shingo hadi kimo chake cha kawaida. Ukiogopa kuivunja mizani, kumbuka kanuni ya wenzo. Tafuta ubao imara. Upande mmoja uegemee bomba, upande wa pili uegemee mizani, na kati ya bomba na mizani pawe na futi 3. Shingo ikae futi 1 kutoka kwenye bomba. Mizani itaonyesha theluthi moja tu ya uzito. Zidisha mara 3, umepata jibu. Nani alisema fizikia ni ya mtihani tu?

Sasa fikirieni njia yenyewe. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya bahari, na Maseno iko karibu mita 1,500. Kupanda huko injini hufanya kazi ngumu, hasa ile isiyo na taabo, kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Lakini kupanda ni afadhali. Hatari iko kwenye kushuka, kama pale mlima wa Riat kwa wale wanaotoka Kakamega. Breki zikishikwa mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu. Tena, kasi ikiongezeka maradufu, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, nishati inayopaswa kuzimwa na breki huongezeka mara 4. Kwa hiyo shuka kwa gia ndogo. Na trela likianza kuyumba, usikanyage breki ghafla wala usipigane na usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shikilia usukani wima, uache mwendo upungue.

Mwisho wa kisa ulikuwaje? Mjomba alitazama ziwa, akatazama boti, akajipiga kwenye paji la uso. "Kwani boti ni ya nini?" Asubuhi yake, yeye na nahodha mzoefu, wamevaa majaketi, waliondoka nayo kwa maji. Walipita mlango wa ghuba karibu na Rusinga, kisha wakaelekea kaskazini hadi Port Victoria. Gari, likiendeshwa na shangazi, lilivuta trela tupu la kilo 350, chini kabisa ya kikomo. Baadaye fundi alilitia trela breki, kwa sababu huko Budalang'i mafuriko yakija, kama yale ya mwaka 2020, boti huhitajika kuhamishwa haraka kwa barabara.

Na tusidhani hekima hii ni mpya. Meli ya William Mackinnon iliundwa Uskoti, ikaletwa Mombasa ikiwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900. Reli ilikuwa bado haijafika. Ilifika mwaka 1901. Watu wa wakati ule walijua kwamba mzigo ukimshinda mbebaji, hukatwa mzigo, si mbebaji.

Basi wenzangu, mzee wako akitaka kuvuta trela, mwulize maswali manne: Kikomo cha gari ni kipi? Trela lina breki? Lina uzito gani likiwa limejaa? Shingo inabeba kilo ngapi? Usiogope kuchekwa. Mimi nilichekwa, na wale watoto watatu walifika nyumbani salama.